Usiingize jina hata moja kabla hamjakubaliana litaandikwaje

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu Dewey, yaani ule mpangilio wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, kuhusu printa ya lebo, na kama ni sawa wale wanafunzi wawili wa mafunzo ya nyanjani wachape orodha ya vitabu 3,000 vya maktaba ya shule yenu ya Embakasi kwenye Excel, "majina tutayasafisha baadaye". Hiyo baadaye naijua. Ilinila miezi minane.

Nilikuwa mkutubi wa chuo kimoja hapa Nairobi. Tukaletewa mkufunzi wa siku mbili, akatuambia: "Ingizeni tu, kompyuta itajitafutia." Tukaingiza, watu watatu, kila mmoja na mkono wake. Yeye akalipwa akaenda zake. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka! Kompyuta itajuaje kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja kama hakuna aliyeiambia?

Siku moja binti akaja kaunta akitaka vitabu vyote vya Ngũgĩ wa Thiong'o. Mfumo ukamtolea viwili. Akashukuru, akaondoka. Rafu ile nilikuwa nimeipanga mwenyewe asubuhi, na vilikuwa kumi na tisa. Nikaketi kutafuta. "Thiong'o, Ngugi wa." "Wa Thiong'o, Ngugi." "Ngugi wa Thiongo", bila ritifaa. "Ngũgĩ" mwenye alama juu ya u na i, na "Ngugi" asiye nazo. Halafu "Ngugi, James", maana riwaya zake za kwanza, miaka ya 1960, zilitoka kwa jina hilo. Mtu mmoja tumemkatakata vipande! Na chuo kilikuwa kimeshanunua upya vitabu tulivyokuwa navyo, kwa vile mfumo ulisema hatuna. Hapo sijagusa majina yenye "ole" ya Wamaasai na "arap" ya Wakalenjin.

Kwa hiyo nakuomba sana: kila mwandishi awe na umbo moja la jina lililokubaliwa, na maumbo mengine yote yamwelekeze msomaji huko. Usibuni. Orodha ya majina ya waandishi ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, iko wazi mtandaoni, bure, na humo Ngũgĩ anaanza na Ngũgĩ, hageuzwi. Kwenye rekodi ya jina ya MARC, ule muundo wa maktaba wa kuandika taarifa ili kompyuta izisome, umbo lililokubaliwa hukaa sehemu ya 100, yale mengine sehemu ya 400. Ndiyo maana anayetafuta James Ngugi hapotei. Safu za Excel hazitakufanyia hivyo.

Wanafunzi wako wakiripoti Jumatatu, wasiguse kibodi. Wape kalamu na daftari, wapite rafuni wakinakili jina la kila mwandishi kutoka ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, wala si jaladani. Kisha mketi meza moja, mlinganishe jina kwa jina. Ikichukua wiki nzima, ichukue. Mkuu wa shule akiuliza mbona hakuna kilichoingizwa, mwonyeshe hilo daftari.