Ukiombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa, uliza kwanza ndo utie saini

Huku kwetu Pemba mtu akisikia hospitali au skuli wanatafuta watu wa kuingia kwenye utafiti wa dawa, maneno ni mawili tu, ama "hao wanatufanya panya" au "nenda bwana, dawa za bure hizo". Yote mawili yananiuma, maana wa kwanza anakimbia bila kuuliza na wa pili anatia saini bila kuuliza. Mie mwenyewe nimewahi kuingia, mwanangu nae aliingia skuli kwao kwenye utafiti wa dawa za minyoo, na mama yangu alipoombwa nilikaa nae mpaka fomu ikaisha kusomwa. Kwa hivo haya nnayoyaandika nimeyapitia.

Kubwa la kulijua ni hili: utafiti si matibabu. Daktari akikutibu anatafuta kitakachokufaa wewe, basi. Utafiti unatafuta jibu la suali, hii dawa ni salama? inashinda ile tuliyoizoea? kidonge kimoja kinatosha au viwili? Unaweza ukafaidika, unaweza usipate kitu, na unaweza ukadhurika, na kama hilo la mwisho halingewezekana kabisa basi kusingekuwa na haja ya kukuomba ridhaa. Watu wengi wanaingia wakiwa na imani kuwa daktari ameshajua hii mpya ndo bora, lakini angekuwa ameshajua asingefanya utafiti.

Dawa mpya inapita hatua. Kwanza maabara na wanyama, khalafu watu wachache sana, mara nyingi wazima wa afya, kuangalia usalama na kipimo cha dawa. Hatua ya pili ni wagonjwa wengi kidogo, wanaangalia kama inafanya kazi. Ya tatu ni mamia mpaka maelfu ya watu na inalinganishwa na dawa iliyopo. Ya nne ni baada ya dawa kuruhusiwa, wanaendelea kuifatilia. Uliza uko hatua gani, maana aliye hatua ya kwanza na aliye ya nne hawabebi khatari sawa.

Khalafu kuna habari ya makundi. Huchagui wewe na hachagui daktari, kompyuta ndo inayopanga nani apate dawa mpya na nani apate ya zamani au kidonge kitupu, ile wanayoita plasebo, kinafanana na dawa lakini ndani hamna dawa. Ni kama kura ya upatu, jina lako linatoka linapotoka, hakuna wa kumpendelea shoga yake. Na mara nyingi hata anaekupa kidonge hajui ni kipi, kwa sababu akijua atakuangalia kwa jicho jengine, na wewe ukijua umepewa mpya utajiona umepoa kabla hujapoa. Lakini ikitokea dharura ile siri inafunguliwa ili utibiwe sawasawa. Na kama maradhi yako yana dawa inayojulikana, uliza wazi kwa nini wengine wapewe kidonge kitupu na watakaa hivo kwa muda gani. Kwenye ule wa mwanangu tuliambiwa mapema kuwa atakaekutwa bado ana minyoo mwisho wa utafiti atapewa dawa ya kawaida, na mie hilo ndo lililonituliza.

Kuna watu wananambia sasa makundi ya nini, si wawape watoto wote tu dawa kama ni nzuri. Jibu lake limo humuhumu Pemba. Miaka ya mwanzo ya 2000 ulifanywa utafiti mkubwa hapa kwa watoto wadogo wasiofika miaka mitatu, wengine walipewa madini ya chuma na foliki asidi (aina ya vitamini), wengine plasebo. Nani angedhani chuma kina ubaya? Watoto wetu wana upungufu wa damu, chuma kinaongeza damu, kila mtu angesema wape. Lakini kulikuwa na kamati ya watu wa pembeni kazi yao kuangalia takwimu utafiti ukiendelea, wakaona waliopewa chuma wanalazwa na kufariki zaidi, na mwaka 2003 sehemu ile ya chuma ikasimamishwa kabla ya muda wake. Matokeo yalitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2006, khatari ya kuugua sana mpaka kulazwa au kufa ilikuwa juu kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma. Malaria wakati ule ilikuwa imejaa huku, na chuma kikitolewa kwa kila mtoto bila kupimwa kilileta madhara, ingawa wale waliopimwa wakakutwa kweli wana upungufu, na walikuwa wakifatiliwa na kutibiwa kwa karibu, walionekana kufaidika. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa sehemu zenye malaria. Nikikumbuka hili huwa nawafikiria wale mama zetu, bila ya watoto wao dunia isingejua. (Tafadhali mjamzito usije ukaacha vidonge vyako vya chuma vya kliniki kwa kusoma hapa, ule utafiti ulikuwa wa watoto wadogo.)

Kwa hivo uliza: nani anaangalia usalama wetu wakati utafiti unaendelea, na nani ana uwezo wa kuusimamisha? Zanzibar tuna kamati yetu ya maadili ya utafiti wa afya, iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na utafiti wa watu lazima upate kibali chake kwanza. Waambie wakuoneshe kibali. Mtu mkweli hakasiriki, anakitoa.

Sasa fomu ya ridhaa. Mama yangu alisomewa barazani kwetu na kijana mmoja mpole, karatasi za Kiswahili, kurasa kadhaa. Mama hajui kusoma herufi hizi, kwa hivo ilitakiwa awepo shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti, akaitwa jirani. Kijana akisoma kipande anasimama anamuuliza, "Bibi hapa umefahamu nini?" Mama anajibu kwa maneno yake, akikosea kijana anarudi nyuma. Akaja kwenye damu, mama akauliza nyingi kiasi gani, akaambiwa mililita 5, akasema mie mililita sizijui, kijana akaomba kijiko cha chai, akamuonesha, hiki kimoja. Mama akakishika kile kijiko akakitazama, akasema hii sawa. Lakini alipoambiwa mahudhurio ni kila mwezi mpaka mwaka uishe akasema miguu yangu hainiruhusu mwanangu, sitaki. Kijana akafunga mafaili yake, akamwambia ahsante bibi, na dawa zako za presha utaendelea kupewa kama kawaida. Na kweli akaendelea kupewa. Hivo ndo inavotakiwa. Ukiona mtu anakwambia saini hapa haraka watu wengi wanasubiri, au anakutia khofu kuwa ukikataa hutotibiwa, ondoka.

Una haki ya kwenda na karatasi nyumbani ukaongea na mumeo, na wazee, na imamu wako ukitaka. Sheha, yaani mkuu wa mtaa, kukubali utafiti uingie shehiani kwake si ridhaa yako wewe, hilo watu wanalichanganya sana. Mtoto mzazi ndo anaetia saini, lakini mtoto mkubwa nae anaulizwa, na akisema sitaki asilazimishwe. Na ukishaingia unaweza kutoka siku yoyote bila kutozwa kitu, ila waambie, usipotee tu, kwa sababu dawa nyengine hazifai kukatwa ghafla na wanataka kukuangalia kabla hujaenda zako.

Masuali mengine ambayo mie siachi kuuliza: nikidhurika nani anagharamia matibabu yangu? Damu yangu au choo changu kinapimwa wapi, kitabaki hapa au kinapelekwa nje, na kitatupwa lini? Jina langu litaonekana au nambari tu? Nauli mnarejesha? (Kurejeshewa nauli na fidia ya muda wako ni kawaida, lakini ukiona pesa ndo iliyokushawishi, rudi nyumbani ulale kwanza ufikirie.) Na dawa ikifanikiwa, sisi wa huku tutaipata?

Na wewe upande wako usiwafiche. Waambie kama unatumia mitishamba, habbasoda, vidonge vya sukari, chochote, maana dawa zinagombana mwilini. Waambie kama ni mjamzito au unategemea kushika mimba, usione haya, wanauliza kwa ajili ya kile kiumbe. Kama Ramadhani inakaribia waulize mapema dawa inamezwa saa ngapi na itakuwaje kwenye funga.

Fomu zinakuwa mbili, yao na yako. Yako usiiache kwao. Ndani yake mna nambari ya simu ya mkuu wa utafiti na ya kamati ya maadili, ziingize kwenye simu yako na ya mtu mmoja wa nyumbani, na ukisikia homa, vipele, kizunguzungu, hata kama unadhani ni uchovu tu, piga siku ileile, hata usiku.