Salfa au Molibdeni Kwenye Bolti?

SWALI: Mimi ni fundi wa boti. Nilinunua bolti za chuma kisichoshika kutu zenye muhuri wa 316, nikafungia usukani wa boti ya mteja. Hata mwaka haujaisha, zina madoa ya kutu. Kijana wangu akapeleka moja maabara, ikapimwa kwa eksirei ndani ya hadubini ya elektroni. Ripoti inasema chuma, kromi, nikeli, na salfa asilimia 2. Molibdeni haimo. Nimeuziwa feki?
Fundi wa boti, Tanga

JIBU: Pole sana, fundi. Muuzaji usimkabe bado, maana hiyo salfa inanitia shaka.

Chuma cha 316 hutakiwa kuwa na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Ndiyo inayokisaidia kustahimili chumvi ya bahari. Salfa haipaswi kuzidi asilimia 0.03. Sasa hiyo asilimia 2 imetoka wapi?

Elektroni za hadubini zikigonga atomu hung'oa elektroni ya ndani. Ya juu hushuka kuziba pengo, na nishati inayobaki hutoka kama eksirei. Kila elementi ina kiwango chake cha nishati, kinachoonekana kama kilele kwenye grafu: kromi 5.41, chuma 6.40, kwa kiloelektronivolti (kipimo cha nishati). Salfa ni 2.31. Molibdeni ni 2.29! Vilele hivyo viwili hulaliana, na programu huchagua jina moja. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika "salfa" kwenye ripoti ya vali. Mkuu wangu aliirudisha bila neno, kilele kimoja amekizungushia wino mwekundu. Ilikuwa molibdeni. Tangu hapo sisaini ripoti kabla sijaitazama grafu mwenyewe.

Rudini maabara. Waikate bolti na kuing'arisha, kwa kuwa eksirei hizo hutoka kwenye kina cha kama mikroni moja tu (sehemu ya elfu ya milimita), na juu kuna kutu na grisi. Kisha wapandishe umeme hadi kilovolti 30, waangalie kwenye kiloelektronivolti 17.4. Molibdeni ina kilele pale, salfa haina.

Kikionekana, huenda muhuri unasema kweli: hata 316 hutoboka maji ya chumvi yakituama chini ya washa, kile kipete cha bolti. Kisipoonekana, watafute salfa kwenye vidoadoa pamoja na manganizi. Wakiikuta, hicho ni chuma kilichotengenezwa ili kichongeke kirahisi, na baharini hakifai kabisa.

Niandikie matokeo, na uniambie bolti zilikaa juu ya maji au chini.