Jade kwa aliyezaliwa Mei

Kaka, umeuliza kama ni sawa kumnunulia mkeo, aliyezaliwa Mei, pete ya jade, jiwe la thamani ambalo mara nyingi ni la kijani, badala ya zumaridi, jiwe la mwezi wa Mei, ambayo bei yake imekushinda. Mnunulie bila wasiwasi. Orodha ya mawe ya miezi, yaani jiwe la kila mwezi wa kuzaliwa, tunayoifuata leo ilipangwa na chama cha wauza vito wa Marekani mwaka 1912, na tangu hapo imebadilishwa, kwa hiyo si sheria. Tanzanaiti yetu iliongezwa kwenye mawe ya mwezi wa Desemba mwaka 2002. Jade haimo, ingawa Wachina wameienzi kwa maelfu ya miaka. Kuhusu jiwe la nyota ya Ng'ombe, ambayo ni ya wengi waliozaliwa Mei, wanajimu wenyewe hawakubaliani, kwa hiyo usijisumbue.

Mimi nahofia zaidi duka utakaloingia. Jina moja la jade hubeba mawe mawili, jadeiti na nefriti. Jadeiti bora kabisa hutoka Myanmar, na bei yake inaweza kuipita hata zumaridi. Wewe tafuta nefriti. Nyuzi zake ndogo zimesukana, ndiyo maana haipasuki kirahisi, na kwa pete ya kuvaa kila siku hilo ni jambo kubwa, maana zumaridi nyingi zina nyufa ndani.

Ukipewa jadeiti, uliza daraja. A ni ya asili, imepakwa nta tu. B imesafishwa kwa asidi kisha ikajazwa plastiki. C imetiwa rangi. Na inayoitwa "jade mpya" kwa kawaida ni serpentini, jiwe laini zaidi. Muuzaji akikataa kuandika aina ya jiwe kwenye risiti, usinunue kwake.