Jibu: "War" ya Bob Marley inachochea vita?

Mkuu, umeuliza kama "War" inashabikia vita. Angalia kwanza maneno yametoka wapi: karibu yote ni hotuba ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Oktoba 1963. Wimbo ulitoka 1976, albamu ya Rastaman Vibration.

Beti nyingi ni masharti: mpaka ubaguzi wa rangi ukome, mpaka haki za msingi ziwe sawa kwa wote. Kisha linadondoka neno moja, vita. Wanaokosea huwa wameshika hilo neno tu, "mpaka" imewapita. Hotuba haina vina na sentensi zake hazilingani urefu, ndiyo maana bendi inakaa kwenye mdundo uleule, maneno yapate nafasi. Tena hotuba inataja Angola na Msumbiji, na ingawa zilishapata uhuru 1975, kabla wimbo haujatoka, Marley na bendi yake hawakuyagusa maneno hayo.

Ila usiupachike jina la wimbo wa amani tupu. Selassie alisema Waafrika watapigana ikibidi. Marley anaimba kwamba watapigana, wanaona ni lazima. Hapo amekaza kuliko mfalme mwenyewe.