"Very paramount" imerudi ubaoni

Walimu wa mazoezi, wadogo zangu, wiki mbili hizi nakaa dawati la nyuma nikikagua maandalio yenu ya somo. Juzi nikaiona tena: "Education is very paramount." Watoto wananakili na kupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilinyamaza, tena si kwa upole. Nilikumbuka yangu.

1. Futeni "very". Neno "paramount", yaani muhimu kupita vyote, limetokana na Kifaransa cha kale cha mahakama za Uingereza, na ndani yake mna "amont", yaani juu, kuelekea mlimani. "Lord paramount" alikuwa mwenye ardhi asiye na bwana mwingine juu yake. Mnaoamka mkiutazama mlima Loleza hapa Mbeya mnaelewa: kileleni ni kileleni. "More paramount" nayo ife.

2. "Safety is paramount" sawa. "Of paramount importance" sawa. "It is of paramount" halafu nukta: sentensi imekatwa mguu.

3. Tantamount si paramount. Hapa tukae kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa niandike risala ya mahafali ya kidato cha nne, kwa Kiingereza. Nikataka nionekane nimesoma. Nikaandika: "Discipline in our school is tantamount." Kamusi ilikuwa ofisi ya taaluma, hatua kumi, sikunyanyuka. Usiku wa prepo binti aliyepangiwa kuisoma akaja: "Mwalimu, hili neno maana yake nini?" Nikamjibu, muhimu sana, wewe soma kwa kujiamini. Akasoma kwa kujiamini. Mgeni rasmi, mwalimu mstaafu, akashika kipaza sauti akauliza taratibu: "Tantamount to what, my daughter?" Maana neno hilo ni "sawa na", na bila "to" linaning'inia. Nidhamu yetu ni sawa na. Sawa na nini? Turubai zima likaangua kicheko, wazazi wasiojua Kiingereza wakacheka kwa kufuata wenzao. Binti hakunitaja. Aligeuka tu akaniangalia, nami nikainama kwenye spika kama fundi, navuta nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kesho yake nilimwona bombani na ndoo. Nikapitia njia ya jikoni.

4. Maneno mengine ya "muhimu sana", kama "crucial" na "vital", yatafuteni kwanza: kamusi ipo palepale.

Mwenye ubao wa juzi aje ofisini saa nne, chai na maandazi vipo. Apite kwanza darasani akafute ile "very".