Maswali na majibu: kijana na leseni yake ya kwanza

Barua nyingi za safari hii zinahusu vijana wanaojifunza kuendesha vyombo vya moto, na si ajabu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Nimechagua maswali matano, na baadhi nimeyafupisha.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. Mjomba wake ameendesha malori kwa miaka mingi na yuko tayari kumfundisha bure. Kuna haja gani ya kulipia shule ya udereva? – Mzazi, Morogoro

Mzazi mwenzangu, iwapo kijana ametimiza miaka 18, mwandikishe shule inayotambuliwa kisheria, achukue leseni ya kujifunzia, kisha afanyiwe jaribio na trafiki. Huo ndio utaratibu, na hauna njia ya mkato. Zaidi ya hapo, gari zuri la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mwalimu mwenyewe ameshazoea makosa ya wanaoanza, ilhali dereva mzoefu hufanya mambo mengi bila kuyafikiria na kwa hiyo hawezi kuyaeleza. Mjomba anaweza kujua kutokana na mlio wa injini tu kwamba gia ibadilishwe, lakini ukimuuliza amejuaje atakujibu kwamba utazoea.

Hata hivyo usimwachie mjomba aende zake. Kazi yake inaanza kijana akishapata leseni, kwa maana wiki chache za shule hazitoshi kumfikisha kwenye mvua, giza, foleni ya jioni na kona za milimani. Miezi ya mwanzo akae naye kiti cha kushoto na kumwongoza bila kumfokea.

Nimesoma kwamba uchunguzi uliofanywa ng'ambo ulionyesha mafunzo ya udereva hayapunguzi ajali za vijana. Je, tunapoteza fedha zetu? – Msomaji, Dar es Salaam

Uliyosoma yana ukweli, na watu wanaouza mafunzo hawapendi kuyataja. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika eneo la DeKalb kwenye jimbo la Georgia nchini Marekani, maelfu ya wanafunzi wa sekondari waligawanywa katika makundi, wengine wakapewa mafunzo kamili ya udereva na wengine wasipewe, na walipofuatiliwa tofauti ya ajali baina yao ilikuwa ndogo na haikudumu. Norway nayo ilianzisha mafunzo ya kulimudu gari kwenye barabara yenye utelezi, na baadaye ikabainika kwamba ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi ziliongezeka badala ya kupungua.

Sababu yake inaeleweka. Kijana aliyefundishwa kulirudisha gari linaloteleza hujiona fundi, huongeza mwendo, na sasa anateleza mahali ambapo mwenzake mwenye woga angepita polepole. Ajali nyingi za dereva mpya hazitokani na kushindwa kuushika usukani. Zinatokana na kutoiona hatari mapema, au kuiona na kuidharau. Shule inayofundisha klachi, gia na kurudi nyuma kati ya vigingi, kisha ikakaririsha alama za barabarani kwa ajili ya jaribio, imemfundisha mwanafunzi kuliondoa gari, na hapo ndipo shule zetu nyingi zinapoishia.

Mafunzo yenye manufaa humfundisha mtu kutazama. Chukua mfano wa daladala lililosimama kituoni mbele yako. Mwanafunzi wa siku za mwanzo hutazama taa zake za nyuma na kuwaza jinsi ya kulipita. Mwalimu makini humwambia aondoe mguu kwenye mafuta na kutupa macho chini ya gari lile, kati ya magurudumu, kwa sababu humo huonekana miguu ya mtoto aliyeshuka na anayekaribia kuchomoka mbele ya daladala kuvuka barabara. Zoezi hilo halihitaji mtambo wowote, na likirudiwa kila kituo hugeuka kuwa mazoea. Uingereza ilitambua uzito wa jambo hili na tangu 2002 mtahiniwa hupimwa kwa picha za video kama anaweza kuitambua hatari inapoanza kujitokeza.

Jambo la pili ni kutoa uhuru kwa hatua. New Zealand ilianza mwaka 1987 kumpa kijana leseni yenye masharti kabla ya leseni kamili, kwamba asiendeshe peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wala asipakie abiria bila msimamizi. Nchi nyingine zilifuata, na utaratibu huo umeonekana kupunguza ajali za vijana. Kwa hiyo lipia mafunzo, ndugu yangu, lakini ulizia kwanza mwanafunzi atapelekwa barabara zipi, saa ngapi, na mara ngapi.

Nilifundishwa pikipiki na rafiki yangu kijiweni jioni moja tu. Nina mwaka mzima nabeba abiria na sijaanguka. Bado nahitaji mafunzo? – Bodaboda, Mwanza

Unahitaji, kijana wangu, pamoja na leseni ya daraja linalohusu pikipiki. Nijibie swali moja: ukitaka kusimama ghafla unatumia breki ipi? Vijiweni wengi huambiwa wasiguse breki ya mbele kwa kuwa itawarusha, wakabaki na ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito mwingi husogea mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuserereka, na sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha inatoka mbele. Zitumike zote mbili, ya mbele ikiminywa polepole na kuongezwa, pikipiki ikiwa imenyooka. Penye mchanga au kokoto, punguza mwendo mapema ili usihitaji kuminya kwa nguvu. Ukibeba abiria, umbali wa kusimama hubadilika, na ukipiga mshikaki hakuna mafunzo yatakayokuokoa.

Kofia ngumu nayo iwe mbili, zifungwe mkanda wa kidevuni. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa takriban 42% na ya majeraha ya kichwa kwa takriban 69%. Ile inayoning'inia kwenye usukani haimsaidii mtu.

Kuna mtu ameahidi kunipatia leseni bila jaribio. Nikubali? – Msomaji, Tanga

Hapana. Kwa sheria zetu anayetoa rushwa na anayepokea wote wana makosa, na siku ya ajali hutaweza kumtaja huyo mtu wako.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19 na leseni halali, lakini baba hataki niendeshe usiku nikiwa na marafiki. Je, si ananionea? – Binti, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Kwa sasa baba yako yuko sahihi, ingawa huenda hajakueleza sababu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Ukihesabu muda wa kushtuka na muda wa breki kufanya kazi, utasimama baada ya mita 70 hivi kwenye lami kavu, wakati taa za chini mara nyingi hazimuliki umbali huo. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi kandokando ya barabara isiyo na taa utamwona umeshachelewa. Ongeza marafiki wanaocheka na muziki uliofunguliwa, na tafiti zinaonyesha kwamba kwa dereva kijana hatari hupanda kadiri abiria wa rika lake wanavyoongezeka.

Lakini katazo lisilo na mwisho nalo halifundishi. Mwombe baba muandike makubaliano: miezi ya kwanza uendeshe jioni naye akiwa kando yako, baadaye peke yako kwa safari fupi za usiku, halafu rafiki mmoja, kila hatua na tarehe yake, na mikanda ifungwe hata viti vya nyuma. Akisita, mwonyeshe jibu hili.