Maswali ya wasomaji: Klinger yupi ndo Klinger wa kweli?

SWALI: Nasoma fasihi ya Kijerumani na kazi yangu ya muhula huu ni Friedrich Maximilian Klinger. Tamthilia yake ya Die Zwillinge, yaani Mapacha, ninayo kwenye nakala mbili, moja imefuata chapa ya 1776 na nyingine ya 1794, na kuna sehemu nyingi hazifanani kabisa. Mwalimu anasema ninukuu toleo hakiki tu, yaani lile ambalo wahariri wamelinganisha chapa zote na kuonyesha tofauti zake. Rafiki yangu anasema kitabu ni kitabu, chukua chochote. Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate mwalimu, ila nadhani hajakwambia sababu, na sababu ndo tamu yenyewe.

Huyu Klinger alizaliwa Frankfurt 1752, baba yake akafariki mapema, mama akabaki analea watoto kwa kufua nguo za watu. Sasa huyo kijana mwaka 1776 ana miaka 24 na anaandika kama nyumba inaungua, Die Zwillinge inashinda shindano la tamthilia kule Hamburg, halafu mwaka huohuo anaandika nyingine ambayo mwanzoni aliiita Wirrwarr, yaani vurugu, ni mwenzake Christoph Kaufmann ndo alimwambia hapana, iite Sturm und Drang, yaani dhoruba na msukumo, na jina hilo likaja kuwa jina la kizazi kizima cha waandishi wa Kijerumani. Baadaye akahamia Urusi, 1780 hiyo, akaingia jeshini akapanda mpaka luteni jenerali, na kuanzia 1803 hadi 1817 alikuwa msimamizi wa chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, uko Estonia.

Kwahiyo ile nakala yako ya 1794 imepita mikononi mwa mtu wa miaka 42, ofisa, mwenye sare. Na ukumbuke ni tamthilia ya namna gani hii: Guelfo hajui kama yeye ndo alitangulia kuzaliwa au ni pacha wake Ferdinando, maana hakuna wa kumhakikishia, na kwa hilo tu la nani mkubwa anakosa urithi na anamkosa mwanamke, mpaka anamuua ndugu yake siku ya harusi, na baba yao anamuua yeye. Kijana wa 1776 aliacha hasira hiyo ifoke, maneno yanakatika, watu wanapiga kelele. Mtu mzima wa 1794 akarudi akaipoza. Unaona sasa? Ukinukuu ya 1794 halafu ukaandika "huu ndo ulikuwa moto wa vijana wa 1776" umemsingizia.

Toleo hakiki haliji kukuamulia yupi ndo Klinger wa kweli, na hapo ndo watu wengi wanakosea, wanadhani ni kitabu kilichosahihishwa basi. Toleo lake la kihistoria na kihakiki lilianza kutoka 1978 kwa wachapishaji Niemeyer wa Tübingen, juzuu moja moja, na kwa Die Zwillinge wahariri walifanya jambo ambalo mimi nalipenda sana, waliziweka 1776 na 1794 zinatazamana kwenye juzuu moja. Unasoma huku, unavuka jicho huku. Sentensi ndefu ya kijana iko hapa, mwenzake aliyepunguzwa yuko pale, na kama amefuta kitu unaliona pengo lenyewe. Mimi siku ya kwanza kuisoma hivyo nilikaa na ukurasa mmoja jioni nzima na sikuona nimepoteza muda.

Jambo jingine: Klinger mwenyewe alipotoa mkusanyiko wa kazi zake, juzuu 12, Königsberg kuanzia 1809, tamthilia zake nyingi za ujana aliziacha nje. Ni haki yake. Lakini ukitegemea mkusanyiko huo peke yake utamjua mzee tu, yule kijana hutakutana naye.

SWALI: Chini ya kurasa za matoleo haya kuna namba na herufi na mabano, sielewi kitu. Naweza kuruka?

JIBU: Usiruke jamani, hapo ndo kazi ya miaka imelala. Inakaa hivi: kwanza namba ya mstari, halafu neno kama lilivyo kwenye matini, halafu bano moja la mraba linalofunga, baada ya bano ni neno lilivyo kwenye chapa nyingine, na mwisho herufi inayokwambia ni chapa ipi. Basi. Orodha ya herufi iko mbele au nyuma ya juzuu, kwahiyo weka kidole hapo, ukisoma kurasa kumi za kwanza mkono unazoea. Na pale mhariri aliposahihisha kosa la chapa lazima aseme, ili wewe uweze kumkatalia.

SWALI: Lakini kama mwandishi mwenyewe alisimamia chapa ya mwisho si ndo ya kuaminika kuliko zote?

JIBU: Swali zuri sana, na jibu lake lipo kwa Goethe, mwandishi mkubwa wa Kijerumani aliyezaliwa mji uleule wa Klinger. Mtu mmoja wa Berlin anaitwa Himburg alikuwa anachapa vitabu vya Goethe bila ruhusa yake, Goethe mwenyewe amesimulia kwamba jamaa akamtangazia kuwa akitaka atamtumia vyombo vya kauri kama shukrani. Miaka ikapita, Goethe anaandaa maandishi yake kwa ajili ya mchapishaji Göschen, akaiboresha ile riwaya yake ya Werther ya 1774, na nakala aliyoifanyia kazi ilitokana na chapa ya huyohuyo Himburg, ina makosa yake, kwahiyo makosa ya chapa ya wizi yakaingia kwenye toleo la 1787 lenye baraka za mwandishi! Yakakaa humo karibu miaka 80, hadi mtaalamu wa fasihi Michael Bernays alipokaa akalinganisha chapa moja moja na kuonyesha hilo mwaka 1866.

Kwahiyo mkono wa mwandishi kupita hautoshi, inabidi ujue ulipita juu ya nini. Kwa Klinger pia anza hivyohivyo, na kama unataka pa kuanzia zaidi ya tamthilia, chukua juzuu ya riwaya yake ya 1791 juu ya Faust, yule mtu wa hadithi za Kijerumani aliyefanya mapatano na shetani. Faust wake ndo mtu aliyevumbua uchapaji, na mwanzoni kabisa yuko Frankfurt na Biblia aliyoichapa mwenyewe, anatafuta wakubwa wa mji wainunue. Isome na orodha ya tofauti ikiwa wazi pembeni.